Kiini Kimoja Kinahema, Vitatu Vimelala

Tuseme kuna jengo la vyumba vya wanafunzi katika umurenge (sekta) wa Niboye, wilayani Kicukiro, si mbali na chuo cha ufundi ambacho watu wangali wanakiita IPRC Kigali na wakubwa wao wanakikumbuka kwa jina la ETO. Mwenye jengo amelipia laini nzuri ya faiba. Ruta yake ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kustaafishwa ofisini, prosesa yake ina viini vinne, imewekwa Debian, na imechomekwa kadi ya mtandao ya Intel. Asubuhi kila kitu kinakimbia. Ikifika saa mbili usiku, wapangaji wote wakiwa ndani, video zinakwama, simu za WhatsApp zinakatikakatika, na lawama zote zinapelekwa kwa mtoa huduma.

Huenda mtoa huduma anastahili lawama hizo. Lakini kabla ya kumpigia simu, au kulipia laini kubwa zaidi, ingia kwenye ruta saa hiyohiyo ya msongamano, usakinishe vifurushi vya sysstat na ethtool kama havipo, kisha andika:

mpstat -P ALL 1

Kila sekunde utaona mstari mmoja kwa kila kiini. Angalia safu ya %soft, inayoonyesha muda ambao kiini kinautumia kuhudumia pakiti za mtandao. Kama kiini namba 0 kiko karibu na 100 na vingine vitatu viko chini ya 5, basi laini haina kosa. Wastani wa mashine nzima utasoma 25 hivi, na ndiyo maana fundi anayeangalia wastani peke yake huondoka akiamini kuwa ruta imepumzika.

Sababu iko katika namna pakiti inavyoingia. Kadi ya mtandao huiandika pakiti moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, katika eneo la mzunguko liitwalo foleni, kisha hutuma intarapti, yaani ishara ya kuiambia prosesa iache inachofanya ije kuchukua mzigo. Intarapti ya foleni moja hushughulikiwa na kiini kimoja. Foleni ikiwa moja tu, au zikiwa nyingi lakini zote zinamwita mtu yuleyule, viini vilivyobaki havina habari. Barabara ya kutoka Sonatubes kuelekea Gahanga, inayopita kandokando ya Niboye, ilipanuliwa. Lakini hebu fikiria upana wote ule ungeishia kwenye kizuizi chenye askari mmoja anayekagua gari moja moja.

Uzito wa kazi hautokani na megabiti, unatokana na idadi ya pakiti. Laini ya gigabiti 1 ikijazwa pakiti kubwa za baiti 1,500 hupitisha pakiti zipatazo 81,000 kwa sekunde. Laini hiyohiyo ikijazwa vipakiti vidogo kabisa, idadi inapanda hadi 1,488,095. Kwa gigabiti 10, kiini kimoja kingekuwa na takriban nanosekunde 67 kwa kila pakiti ndogo, muda unaokaribiana na safari moja tu ya kwenda kwenye kumbukumbu kuu na kurudi. Simu za sauti, michezo ya mtandaoni na maswali ya DNS ni vipakiti vidogo. Kwa kila megabiti, wacheza michezo huichosha ruta kuliko ofisi inayopakua mafaili makubwa.

Tatizo hili lina umri, na katika eneo letu lina historia yake. Kituo cha kubadilishana trafiki cha Rwanda, RINEX, kilianzishwa mwaka 2004, wakati ambapo mawasiliano ya Kigali na dunia yalitegemea sana satelaiti. Enzi hizo hakuna aliyewaza viini vya prosesa; kizibo kilikuwa angani. Kisha mkongo wa SEACOM ukafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na faiba ikapandisha uwezo huo hadi Kigali kupitia Uganda na Tanzania. Kizibo kikashuka kutoka angani kikaingia ndani ya kasha la ruta.

Kwa bahati, kerneli ya Linux ilikuwa imeanza kujiandaa. Peter P. Waskiewicz Jr. wa Intel aliingiza msaada wa foleni nyingi za kutuma katika toleo la 2.6.23 mwaka 2007. David Miller akausuka upya katika 2.6.27 mwaka uliofuata. Mwaka 2010, mwaka uleule ambao wahandisi wa mitandao wa Afrika walikutana Kigali kwa mafunzo ya AfNOG, Tom Herbert wa Google alileta RPS, mbinu ya kugawa mzigo kwa programu pale kadi isipoweza. Kwa hiyo kifaa chochote chenye Linux ya miaka ya karibuni kina zana zote. Kinachokosekana ni mtu wa kuzipanga.

Anza kwa kuiuliza kadi yenyewe ina uwezo gani. Jina la kadi katika mifano hii ni enp3s0. Lako utalipata kwa amri ya ip link.

ethtool -l enp3s0

Jibu lina sehemu mbili: ya juu ni upeo wa kadi, ya chini ni hali ya sasa. Mstari wa kuangalia ni wa Combined, yaani foleni zinazopokea na kutuma kwa pamoja. Intel I210 itakuambia 4, I350 itakuambia 8, na 82599 ya gigabiti 10 itataja makumi. Kadi nyingi za Realtek za gigabiti 1 zinazokuja zimepachikwa kwenye bodi za kompyuta za kawaida zitajibu 1, au zitasema hazielewi swali. Hapo una njia mbili: kununua kadi nyingine, au kuruka hadi kwenye RPS hapo chini. Ukienda kununua kadi iliyotumika, kagua sana I350 za bei ya kutupa, kwa sababu za bandia zimezagaa duniani kote na nyingine hukatika zikipata joto.

Kama sehemu ya chini inasema 1 na ya juu inasema 8, ongeza:

ethtool -L enp3s0 combined 4

Kwa nini 4 na si 8? Kwa sababu viini ni vinne. Foleni zikizidi viini, zinarudi kugombania kiini kilekile, na kila moja inakula kumbukumbu yake. Prosesa yenye nyuzi mbili kwa kila kiini itajitangaza kuwa ina 8. Hesabu viini halisi kwa lscpu, usidanganyike na nyuzi. Na jambo la tahadhari: kwa kadi nyingi amri hii huizima na kuiwasha upya kadi. Ukiwa umeingia kwa SSH kupitia kadi hiyohiyo, kikao chako kinaweza kuganda sekunde kadhaa, na mambo yakienda vibaya utabaki nje. Kaa mbele ya mashine. Kwa ofisi za Kigali, asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati wa umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, ni muda mzuri kwa kuwa kazi zimesimama, ila fundi naye anatakiwa awe ameshika jembe. Kwa jengo la wanafunzi, saa kumi alfajiri inatosha.

Mafundi wengi huishia hapa, na hapa ndipo wanapokosea. Draiva nyingi za kisasa hufungua foleni sawa na idadi ya viini bila kuambiwa, kwa hiyo inawezekana kabisa ukakuta 4 tayari imewekwa na kiini kimoja bado kinahema. Idadi ni sehemu rahisi. Mgawanyo ndio kazi.

Mgawanyo unapotea mahali pawili. Pa kwanza ni intarapti. Tazama:

grep enp3s0 /proc/interrupts

Kila foleni ina mstari wake, na kila kiini kina safu yake. Unachotaka kuona ni namba kubwa zikishuka kwa mshazari: foleni ya kwanza kwenye kiini cha kwanza, ya pili kwenye cha pili. Ukiona namba zote zimerundikana safu ya kushoto, foleni zako nne zinahudumiwa na kiini 0 peke yake. Kerneli za zamani zilikuwa na tabia hiyo. Dawa nyepesi ni huduma ya irqbalance, inayozisambaza intarapti yenyewe. Dawa ya mkono ni kuandika namba ya kiini kwenye faili la intarapti husika. Kama mstari wa foleni ya pili unaanza na 45:

echo 1 > /proc/irq/45/smp_affinity_list

Chagua dawa moja. Ukiandika kwa mkono huku irqbalance ikiendelea, itaifuta kazi yako kimyakimya, nawe utaamini kuwa kompyuta ina mashetani.

Pa pili ni hesabu inayoamua pakiti gani iende foleni ipi. Kadi huchukua anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, kwa TCP huongeza na namba za poti, huzipiga hesabu, na jibu hutazamwa kwenye jedwali linalotaja foleni. Pakiti za mazungumzo mamoja hupata jibu lilelile, hivyo hubaki kwenye foleni moja na hazivurugiki mpangilio. Jedwali unaliona kwa ethtool -x enp3s0, na likiwa limepinda unalisawazisha kwa ethtool -X enp3s0 equal 4.

Sasa angalia jinsi hesabu hiyo inavyoumizwa na mitandao ya huku. Anwani za IPv4 ni adimu, kwa hiyo jengo zima la Niboye liko nyuma ya anwani moja ya nje, kwa NAT. Kila pakiti inayorudi kutoka nje ina mpokeaji mmoja. Kilichobaki cha kutofautisha ni anwani ya mtumaji, na usiku mtumaji mkubwa ni seva chache za video. Kwa TCP hilo halina madhara kwa sababu poti zinasaidia. Lakini YouTube leo hupita kwa wingi kwenye QUIC, ambayo ni UDP, na kadi nyingi za Intel kwa kawaida yake hazihesabu poti za UDP. Matokeo yake, video za vyumba 30 zinaangukia kwenye foleni moja au mbili. Uliza:

ethtool -n enp3s0 rx-flow-hash udp4

Ikikutajia anwani mbili tu bila poti, amuru:

ethtool -N enp3s0 rx-flow-hash udp4 sdfn

Herufi hizo nne zinamaanisha anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, na poti zao mbili. Kuna gharama ndogo: pakiti za UDP zilizokatwa vipande zinaweza kwenda foleni tofauti na kufika bila mpangilio, kwa kuwa vipande vya nyuma havibebi poti. Kwa jengo la wanafunzi gharama hiyo haionekani. Kwa mtandao wenye programu za zamani za kutuma UDP kubwakubwa, jaribu kwanza.

Halafu kuna PPPoE. Watoa huduma wengi hukufikishia intaneti ikiwa imefungwa ndani ya bahasha hiyo, na kadi nyingi haziwezi kuona kilicho ndani yake. Kwa macho ya kadi hizo ile siyo pakiti ya IP, na kila isichokielewa hukitupa foleni namba 0. Hapo uwe na foleni 4 au 64, utapata moja. Huu ndio ugonjwa unaowatesa wengi bila kujua jina lake, na dawa yake ni ile RPS ya Tom Herbert. Kerneli, tofauti na kadi, inajua kufungua bahasha ya PPPoE, kusoma anwani zilizo ndani, na kuipa kazi kiini kingine:

echo f > /sys/class/net/enp3s0/queues/rx-0/rps_cpus

Herufi f ni namba ya mfumo wa kumi na sita inayowasha viini vinne vya mwanzo. Kwa viini vinane ungeandika ff. Kadi maskini yenye foleni moja nayo inapona kwa amri hiyohiyo. Kiini 0 bado kitapokea intarapti, lakini kazi nzito ya NAT, kuta za moto na kuelekeza njia itagawanywa. Wenye ruta za MikroTik, ambazo zimejaa kila kona ya Afrika Mashariki, watakuta mambo hayahaya chini ya /system resource irq, pamoja na kipengele cha rps, bila kugusa mafaili haya.

Upande wa kutuma hauna maneno mengi. Kadi yenye foleni nyingi hupewa na kerneli mpangaji wa foleni (qdisc) aitwaye mq, ambaye chini yake kila foleni ina mpangaji wake mdogo. Utamwona kwa tc -s qdisc show dev enp3s0. Mtego wake ni mmoja. Anayegawa kasi kwa wakazi wa jengo, kwa mfano megabiti 10 kila chumba, kwa kawaida humwondoa mq na kuweka mwingine aitwaye htb kwenye shina. Tangu hapo foleni zote za kutuma zinapita chini ya kufuli moja. Kwa laini ya megabiti mia mbili tatu, acha hivyo, hakuna kitakachoharibika. Kwa mtoa huduma mdogo anayesukuma gigabiti kadhaa, hiki ndicho kizibo kitakachofuata baada ya kumaliza kuzibua upande wa kupokea.

Upo pia mpangaji aitwaye multiq, anayemruhusu fundi kuamua mwenyewe trafiki ipi ipite foleni ipi ya kadi. Kama simu za ofisi zinapitia seva yenye anwani 192.168.10.5 na ungependa zipite foleni moja maalumu:

tc qdisc add dev enp3s0 root handle 1: multiq
tc filter add dev enp3s0 parent 1: protocol ip prio 1 u32 match ip dst 192.168.10.5 action skbedit queue_mapping 3

Namba 3 ni foleni ya nne, kwa kuwa hesabu huanzia 0. Kadi isiyo na foleni nyingi itaikataa amri ya kwanza. Hiki ni chombo cha mwenye shida mahsusi. Kukiweka kwa sababu kipo ni kujitafutia kazi.

Siku hizi ruta na seva nyingi ni mashine pepe. Hapo kadi anayoiona mgeni siyo ya kushikika, ni ya virtio, na isipoombwa huja na foleni moja hata kama mgeni amepewa viini vinane. Katika Proxmox fungua mipangilio ya kadi ya mashine hiyo, ujaze kisanduku cha Multiqueue kwa idadi ya viini vya mgeni. Anayetumia libvirt ataongeza queues='4' kwenye mstari wa driver wa kadi, kisha aizime mashine kabisa na kuiwasha. Kerneli za karibuni ndani ya mgeni zitazitumia foleni hizo zenyewe. Za zamani husubiri ethtool -L. Usifanye hivi kwa kila mashine pepe. Seva ya tovuti inayotembelewa na watu mia kwa siku haihitaji, na kila foleni ya ziada huongeza kazi kwa mashine mwenyeji. Ruta, seva ya DNS yenye shughuli na kigawa mzigo ndivyo vyenye haki.

Na Windows? Fungua PowerShell, andika Get-NetAdapterRss uone hali, kisha Set-NetAdapterRss -Name "Ethernet" -NumberOfReceiveQueues 4.

Yote uliyoandika kwa ethtool na echo yatafutika umeme ukikatika. Kwa idadi ya foleni, mahali pazuri pa kuihifadhi ni faili la systemd, tuseme /etc/systemd/network/10-wan.link:

[Match]
PermanentMACAddress=anwani ya kadi yako
[Link]
NamePolicy=keep kernel database onboard slot path
CombinedChannels=4

Mstari wa NamePolicy usiuache. Faili lako likilingana na kadi, lile la kawaida la mfumo halisomwi tena, na bila mstari huo kadi inaweza kuamka ikiitwa eth0 huku kuta za moto zote zikiitafuta enp3s0. Mistari ya intarapti, hesabu ya UDP na RPS iweke kwenye hati ndogo inayoendeshwa na huduma ya systemd baada ya mtandao kuwaka. Kabla ya hayo yote, nakili matokeo ya ethtool -l, -x na -n ya mwanzo kwenye faili. Ndiyo njia ya kurudi.

Kupima ndiko kunakohitaji ujanja. Ukipakua faili moja kujaribu, hutaona tofauti yoyote, kwa sababu mazungumzo mamoja hubaki foleni moja na kiini kimoja. Mpangaji atakayelalamika kuwa upakuaji wake mmoja haujaongezeka kasi anasema kweli. Jaribu kwa mikondo mingi, iperf3 -P 8, kutoka kompyuta nyingine iliyo upande wa pili wa ruta, lakini kagua toleo lake: kabla ya 3.16 programu hiyo iliendesha mikondo yote kwa uzi mmoja, hivyo ungekuwa unapima uchovu wa iperf3 yenyewe. Wakati jaribio linaendelea, acha dirisha jingine likionyesha:

watch -n1 -d cat /proc/interrupts

Kwa draiva ya igb, ethtool -S enp3s0 | grep rx_queue itakupa idadi ya pakiti kwa kila foleni. Hazitalingana sawasawa, na usizilazimishe. Foleni moja ikibeba asilimia 35 na nyingine 18 ni afya. Kisha soma /proc/net/softnet_stat, ambayo ina mstari kwa kila kiini na namba za mfumo wa kumi na sita. Safu ya pili ni pakiti zilizotupwa kwa kukosa nafasi, ya tatu ni mara ambazo kiini kiliishiwa muda kabla ya kumaliza foleni. Soma saa mbili usiku, soma tena saa mbili na nusu. Safu ya pili isipopanda kabisa, na %soft ikiwa imegawanyika kwenye viini vyote, kazi imekamilika.

Na kama %soft iko chini kwenye viini vyote vinne, safu ya pili imetulia, na video bado zinakwama, sasa ndiyo zamu ya mtoa huduma. Endesha mtr kuelekea seva iliyo Kigali inayofikika kupitia RINEX, kisha kuelekea seva iliyo Nairobi au Mombasa, saa ileile ya msongamano. Ukipoteza pakiti hadi ndani ya Kigali, tatizo liko kati ya jengo na mtoa huduma. Ukizipoteza kuanzia nje ya mpaka, liko kwenye uwezo anaoununua yeye. Mtumie matokeo yote mawili pamoja na picha ya mpstat, uombe majibu ya fundi wa mtandao badala ya yule wa mapokezi.